Nilitoka Nakuru kwenda kukimbia kilomita 21 Kisumu nikitarajia kasi, nikaishia kutembea. Kilichonipata ni nini?

#1 Mama Wawili (Lanet)

Hamjambo wadau. Kuna jambo limeninyima raha wiki nzima, naomba wenye uzoefu wanisaidie.

Mimi nakimbia tangu 2021. Mazoezi yangu ni huku Lanet, na Jumamosi moja moja napanda upande wa Menengai. Kabla ya mbio hizi nilikuwa nimekimbia kilomita 21 za mazoezi mara mbili, zote kwa saa mbili na dakika sita, na nikafika nyumbani nikapika. Nikapiga hesabu: Nakuru tuko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Kisumu ni mita 1,131. Nikishuka zaidi ya mita mia saba hewa itakuwa nzito, oksijeni tele, saa mbili kamili nitazipata. Nikajiandikisha, nikamwomba mzee tuifanye wikendi yetu ya wawili, watoto wakabaki kwa nyanya yao.

Ijumaa mchana tukapanda matatu, usiku tuko Kisumu. Jumamosi tukatembea Dunga, tukapanda mashua kutafuta viboko, jioni tukala samaki. Jumapili mbio.

Kilomita kumi za kwanza dakika 57. Ya kumi na tano, saa moja na dakika 27. Moyoni naimba. Kufika ya kumi na sita ikawa kama stima imepotea. Miguu haiumi, pumzi ninayo, lakini mwili umekataa katakata. Ngozi ya mikono ikasisimka kama nasikia baridi, na jua linawaka. Nikatembea, nikakimbia, nikatembea tena. Nimemaliza 2:19. Mzee alikuwa amesimama mwishoni na simu mkononi tangu saa mbili zilipotimia, mpaka akaanza kuwauliza watu wa huduma ya kwanza kama wameniona.

Mtu anashuka kwenye hewa nzuri kisha anakimbia vibaya kuliko nyumbani. Inawezekanaje?

#2 Kocha wa Njoro

Pole mama. Jibu umeliandika mwenyewe. Kumi kwa dakika 57 ni 5:42 kila kilomita. Mazoezini ulikuwa unakwenda 6:00. Ulikopa sekunde 18 kila kilomita kwa kuangalia ramani, na miguu haikuulizwa. Kwenye ya kumi na sita deni likadaiwa.

#3 Mzito wa Milimani

Kocha amemaliza kila kitu. Uzi ufungwe.

#4 Nyar Dunga (Kisumu)

Usifungwe! Kocha, ushawahi kukimbia Kisumu wewe, au unahesabia huko kwenye baridi ya Njoro?

Dada, nimezaliwa Dunga, nakimbia hapa kila siku isipokuwa Jumapili. Huku adui ni unyevu wa hewa. Jasho halikusaidii kwa kutoka tu, linakusaidia likikauka juu ya ngozi, hapo ndipo linaondoka na joto. Nakuru hewa ni kavu, jasho linakauka hata hujalihisi. Hapa linatiririka mpaka kwenye raba, nawe unabaki na joto lako ndani. Sasa damu inatakiwa na misuli na inatakiwa na ngozi kupoza mwili, na ni damu ile ile. Moyo unapiga kwa nguvu na kasi haipandi.

Na jambo ambalo wageni hawalijui: wanakuja mchana wa Jumamosi wanapata upepo mzuri wa ziwa, wanasema ah, Kisumu kuna ubaridi. Upepo ule huvuma kuelekea nchi kavu baada ya ardhi kupata joto. Alfajiri unatoka nchi kavu kwenda ziwani, tena mdogo. Babu yangu alikuwa mvuvi wa tanga: alfajiri anasukumwa kwenda ndani, mchana anarudishwa nyumbani. Mbio zenu zinakimbiwa saa ile upepo umekufa, wa nchi kavu umeisha na wa ziwa haujaja.

#5 Kijana wa Iten

Chamgei wote. Nakubaliana na Nyar Dunga, lakini wazo la mama halikuwa baya. Sisi tunafanya mazoezi hapa mita 2,400 hivi, na vijana wakishuka Ulaya wanakimbia vizuri kweli. Tofauti ni kwamba wanashukia kwenye baridi. Kibiwott Kandie alikimbia nusu marathoni 57:32 Valencia, mwezi wa Desemba. Eliud Kipchoge alipotafuta marathoni ya chini ya saa mbili akapelekwa Vienna, 2019, Oktoba, asubuhi, njia tambarare na hewa ya ubaridi. Kushuka kunakupa mkono mmoja wa faida. Joto likija linaukata huo mkono.

#6 Mzito wa Milimani

Lakini Kisumu si karibu ni usawa wa bahari? Ndiyo maana kuna ziwa na bandari.

#7 Mwalimu wa Maseno

Hapana, ndugu Mzito. Mama ametaja tarakimu sahihi pale juu, soma #1. Mita 1,131. Ziwa haliko usawa wa bahari kwa sababu tu lina bandari, Ziwa Nakuru lenu liko juu zaidi ya mita 1,750. Mtu wa Mombasa akija Kisumu anakuwa amepanda zaidi ya kilomita moja.

Na kama mnakuja wikendi kama hizi, piteni huku Maseno mpige picha kwenye ikweta. Inakatiza barabara ya Busia.

#8 Dereva wa Mau Summit

Ikweta tunayo pia kwenye barabara ya Eldoret, Mwalimu. Usiuze ya kwenu pekee.

#9 Mwalimu wa Maseno

Ya kwenu ina baridi, hakuna mtu anashuka kwenye gari.

#10 Mama Wawili

Asanteni sana nyote. Kocha, nakubali nilianza haraka, ila nilihisi vizuri kabisa mpaka kumi na tano, ndiyo maana nauliza.

Nyar Dunga, umenikumbusha kitu. Ilitangazwa kwamba tunaanza saa kumi na mbili na nusu. Tukaanza saa moja na robo. Tulikuwa tumepangwa mstarini, tunamngoja mgeni rasmi. Dakika 45 tumesimama, jua likachomoza, likatupata pale pale. Nikienda haja ndogo napoteza nafasi, kwa hiyo nikasimama tu.

#11 Nyar Dunga

Hapo sasa! Dakika 45 za asubuhi Kisumu ni hali ya hewa nyingine kabisa. Uliposhikwa kwenye kumi na sita, saa ilikuwa imekaribia tatu kasorobo. Saa hiyo mimi nishaoga na kunywa chai.

Hili linanikera mno. Watu wametoka Kitale, Kericho, Nairobi, wamelipa, wamelala, wameamka saa kumi, halafu wanawekwa juani kwa ajili ya hotuba. Mgeni rasmi angetoa hotuba yake mwishoni tukiwa tumekaa na soda. Anayemaliza saa ya tatu ndiye anayelipa dakika zile, bingwa hazihisi.

#12 Mwana wa Gusii

Hili la mwinuko wa nchi limenigusa. Mwaka 1968 kule Mexico City, mita 2,240 juu, Naftali Temu wetu wa Gusii alishinda mita 10,000 na kuipa Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki. Ron Clarke wa Australia, aliyekuwa na rekodi ya dunia ya mbio hizo, alianguka mwishoni akawekewa oksijeni. Kwa hiyo nyanda za juu zinaua wa chini. Lakini mama yeye alikuwa wa juu anayeshuka. Nakubaliana na Kocha, ni kasi ya mwanzo.

#13 Kijana wa Iten

Mwana wa Gusii, chukua basi mfano wa joto. Doha 2019, mashindano ya dunia, marathoni ya wanawake ilianzishwa usiku wa manane kukwepa jua. Walianza 68, wakashindwa kumaliza 28. Ruth Chepngetich alishinda kwa 2:32:43, na Januari ya mwaka ule ule alikuwa amekimbia 2:17:08 Dubai. (Mambo ya kufungiwa kwake kwa dawa zilizokatazwa yalikuja baadaye sana, ni uzi mwingine.) Mshindi wa dunia amepoteza dakika 15. Usiku. Hakuna hata jua, ni joto na unyevu. Mama wa Lanet kupoteza 13 kwenye jua la saa tatu si ajabu.

#14 Mzito wa Milimani

Halafu huyo Kipchoge ndiye bado ana rekodi ya dunia ya marathoni, ile 2:01:09 ya Berlin.

#15 Kijana wa Iten

La, mzee. Kelvin Kiptum aliivunja Chicago, Oktoba 2023, 2:00:35. Mungu amrehemu. Barabara ile ya Kaptagat alipofia tunapita hapo, na mpaka leo kundi letu likifika tunapunguza mwendo bila mtu kuambiwa.

#16 Mzito wa Milimani

Nimesahihishwa. Apumzike salama.

#17 Mpima Njia

Naingia kwa upande mwingine. Mama, saa yako ya mkononi ilisema kilomita ngapi mwishoni?

#18 Mama Wawili

21.6. Nilidhani wamenionea.

#19 Mpima Njia

Hapana, huenda hawakukuonea. Njia iliyopimwa rasmi hupimwa kwa baiskeli yenye kifaa cha kuhesabu mizunguko ya gurudumu, na mpimaji hufuata mstari mfupi kabisa, kona kwa kona, kisha huongeza mita moja kwa kila kilomita ili isije ikapungua. Wewe ulikwenda nje ya kona, ukafuata kivuli, ukavuka barabara kufuata maji. Hizo mita zinajumlika, na saa nayo hukosea kidogo karibu na majengo. Lakini basi jua kwamba ile 5:42 unayohesabiwa na Kocha huenda ilikuwa 5:34 hivi, kwa sababu vibao vya kilomita ulivifikia baada ya kukimbia zaidi. Ulikwenda kasi kuliko unavyojua.

#20 Kocha wa Njoro

Asante Mpima Njia. Nilikuwa na haki, na sasa nina haki zaidi.

#21 Nyar Dunga

Hujapata haki yoyote. Hiyo 5:42 angeimaliza kwenu Njoro.

#22 Kocha wa Njoro

Njoro mita zaidi ya 2,100? Asingefika kumi.

#23 Nyar Dunga

Na mbona hamsemi kuhusu njia yenyewe? Mama, mlimalizia wapi?

#24 Mama Wawili

Tulishuka mjini, tukaenda upande wa ziwa, kisha tukarudi kumalizia Mamboleo.

#25 Nyar Dunga

Basi ongezeni hilo kwenye orodha. Watu husema Kisumu ni tambarare kwa sababu wanaijua kwa gari. Kutoka ziwani, ukapita Kondele mpaka Mamboleo, unapanda muda wote. Ni mpando wa taratibu ambao macho hayauoni, miguu inaujua. Kilomita zako tano za mwisho zote zilikuwa za kupanda, kwenye lami, bila mti.

#26 Dereva wa Mau Summit

Mimi si mkimbiaji, ni dereva, lakini nimebeba wakimbiaji wengi. Mama, Ijumaa ulikaa garini saa ngapi?

#27 Mama Wawili

Tuliondoka saa nane, tukafika saa mbili usiku. Kulikuwa na msongamano Salgaa, tena tukasimama Kericho muda mrefu.

#28 Dereva wa Mau Summit

Saa sita kwa safari isiyofika hata kilomita 200. Na nina hakika mlikaa kiti cha nyuma, magoti yamegusa kiti cha mbele. Pia fikiria safari yenyewe: unatoka Nakuru unapanda mpaka Mau Summit na koti, unateremka Londiani na Kericho kwenye majani chai bado na koti, halafu ghafla Awasi, Ahero, mashamba ya mpunga, koti halivaliki. Mimi mwenyewe ninayekaa kwenye usukani kichwa huniuma siku ninayoshuka. Wakimbiaji wenye akili hunishukisha Kericho wanyooshe miguu.

#29 Treni ya Usiku

Mngepanda treni. Ya Nairobi–Kisumu ilirudi Desemba 2021, reli ya zamani ile ile, inapita hapo Nakuru usiku. Mtu anatembea ndani, ananyoosha miguu, anapiga gumzo. Reli ilifika ziwani 1901 na bado hakuna namna nzuri zaidi ya kuingia Kisumu asubuhi, ukungu uko kwenye miwa ya Muhoroni.

#30 Dereva wa Mau Summit

Na ikisimamishwa kwa mafuriko, wanapigia nani simu? Sisi.

#31 Treni ya Usiku

Hiyo ni kweli, uliza ratiba kabla hujafunga begi. Lakini ikiwepo, ipande.

#32 Min Nyathi (Migosi)

Oyawore. Swali la mama kwa mama: Jumamosi mlitembea kiasi gani? Maana nyinyi wa wikendi mnafika mnataka kuona Kisumu yote kwa siku moja.

#33 Mama Wawili

Asubuhi tulienda kwenye miamba ya Kit Mikayi, tukapanda mpaka kwenye mapango. Tukarudi mjini tukatembea makumbusho, halafu Dunga. Simu ilihesabu hatua elfu ishirini na moja.

#34 Min Nyathi

Eeh! Hatua elfu ishirini na moja juani, na kupanda mawe, siku moja kabla. Hiyo ilikuwa nusu marathoni ya kwanza, uliikimbia Jumamosi. Ungeanza na mbio, matembezi yakaja baadaye.

#35 Mama Wawili

Baadaye ni saa ngapi na Jumatatu niko kazini? Hilo ndilo linalonisumbua. Tulitaka mbio na tulitaka wikendi. Mwaka mzima hatujatoka wawili. Siwezi kumwambia mzee akae chumbani tuangalie ukuta mpaka Jumapili.

#36 Mzito wa Milimani

Hapo mama umesema la maana kuliko kasi zote za Kocha.

#37 Kocha wa Njoro

Sikatai. Mimi na mama watoto hutoka hivyo mara mbili kwa mwaka. Tunafika Ijumaa, Jumamosi tunakaa kivulini, Jumapili nakimbia, halafu tunaongeza Jumatatu ya likizo. Hiyo Jumatatu ndiyo yake. Anachagua yeye tuendako, na mimi nafuata hata miguu ikilia. Mwaka jana alichagua msitu wa Kakamega, akanipandisha kilima.

#38 Muuguzi wa Kakamega

Mulembe. Nimesoma uzi wote nikiwa zamu ya usiku. Hebu tupunguze hesabu za kasi kidogo, kuna mambo mawili ya afya ambayo hayafai kupitwa.

La kwanza, ile ngozi kusisimka kama una baridi na jua linawaka. Hiyo ni dalili ya mwili kuzidiwa na joto. Mtu akiihisi asitembee-kimbia. Asimame, aingie kivulini, amwagiwe maji shingoni na kwapani. Ukiona mwenzako anayumba au anaongea maneno yasiyoeleweka, hiyo ni dharura, anapozwa hapo hapo kwa maji mengi huku msaada unaitwa. Mama, ulibahatika.

La pili, malaria. Huku ziwani na magharibi tunaishi nayo. Nyinyi wa Nakuru na Nairobi hamna kinga tuliyokua nayo, na mnakuja mnalala madirisha wazi kwa sababu ya joto. Mlilala kwenye chandarua?

#39 Mama Wawili

Kilikuwepo kimefungwa fundo juu ya kitanda. Hatukukishusha, joto lilikuwa kali. Kwa hiyo ilikuwa malaria?

#40 Muuguzi wa Kakamega

Ya usiku ule, hapana. Mbu akikuuma Ijumaa huwezi kuugua Jumapili, vimelea huhitaji siku saba au zaidi kabla ya dalili. Ila kuanzia sasa ukipata homa au kichwa, nenda upimwe na uwaambie ulikuwa Kisumu. Je, miezi ya karibuni ulikuwa umekuja huku?

#41 Mama Wawili

Wiki tatu kabla ya mbio. Mama mkwe yuko Ahero, tulikwenda kwenye mazishi, tukalala siku mbili.

#42 Muuguzi wa Kakamega

Basi siwezi kuifuta kabisa. Kapime.

#43 Mzito wa Milimani

Mungu wangu, mama mkwe ameingia kwenye uzi.

#44 Nyar Dunga

Mwacheni mama mkwe wa watu. Kuna mpunga mzuri huko Ahero, angebeba wa kula kabla ya mbio. Mlikula nini Jumamosi usiku?

#45 Mama Wawili

Mbuta (sangara) wa kukaanga, ugali, osuga. Saa tatu usiku, tulingoja sana. Asubuhi sikula, niliogopa tumbo. Nikanywa maji lita moja na nusu, na njiani nikawa nachukua chupa kila kituo na kuimaliza.

#46 Min Nyathi

Mbuta ana mafuta, tena wa kukaanga, tena saa tatu! Mwambie akupikie ngege (tilapia) wa mchuzi, mapema, saa kumi na mbili. Na osuga ni mboga njema ila si usiku wa kuamkia mbio.

#47 Nyar Dunga

Ngege wa mchuzi na ugali mdogo. Hapo nakuunga mkono.

#48 Kijana wa Iten

Na asubuhi ale kitu. Sisi ni chai ya maziwa na mkate, hata kama ni vipande viwili. Saa mbili za mbio bila chochote tangu samaki wa jana, akiba ya nguvu kwenye misuli inakwisha pale pale kwenye kumi na sita. Alivyoeleza, miguu haiumi, pumzi ipo, mwili umekataa, mimi hiyo naijua. Hiyo ni njaa. Ukipewa soda unafufuka baada ya dakika kumi. Ulipewa?

#49 Mama Wawili

Nilipewa soda kwenye kumi na nane. Nikaweza kukimbia tena, lakini si kwa muda mrefu.

#50 Kijana wa Iten

Umeona?

#51 Muuguzi wa Kakamega

Ngoja kwanza, hayo maji. Lita moja na nusu kabla, kisha chupa nzima kila kituo. Vidole vilikuvimba?

#52 Mama Wawili

Ndiyo. Pete ya ndoa ilinibana mpaka nikaogopa. Mzee aliivua kwa sabuni tuliporudi chumbani.

#53 Muuguzi wa Kakamega

Kuna uwezekano ulikunywa kupita kiasi, chumvi ya damu ikapungua. Boston 2002 walipima wakimbiaji 488 mwishoni mwa marathoni, asilimia 13 chumvi yao ilikuwa imeshuka chini ya kiwango, na waliokuwa wameongezeka uzito njiani ndio walioathirika zaidi. Kunywa ukisikia kiu. Nasema uwezekano tu, kwa sababu vidole huvimba pia kwa joto peke yake, na bila kipimo cha damu siku ile hatuwezi kujua.

#54 Nyar Dunga

Muuguzi, nakuheshimu sana, lakini ukiwaambia watu wasinywe maji Kisumu watakufa.

#55 Muuguzi wa Kakamega

Sijasema wasinywe. Nimesema wanywe kiu yao. Kinachobaki kwenye chupa wajimwagie kichwani.

#56 Nyar Dunga

Hapo sawa.

#57 Mpima Njia

Nimejaribu kuhesabu: kasi ya mwanzo, unyevu, dakika 45 za kusimama, mpando wa Mamboleo, saa sita za matatu, hatua elfu 21, mbuta, njaa, maji, na malaria isiyojulikana. Kwa mambo yote haya mimi nashangaa kwamba mama alifika.

#58 Kocha wa Njoro

Na bado angeanza kwa 6:10, yote hayo yangemkuta akiwa na akiba. Ndiyo maana nasema kasi. Hali ya hewa huwezi kuibadilisha, mgeni rasmi huwezi kumharakisha. Kasi ya mwanzo ni yako peke yako.

#59 Nyar Dunga

Angekuja siku kumi mapema mwili ukazoea joto, angekimbia 5:42 yake mpaka mwisho. Mwili ukishazoea, jasho linaanza kutoka mapema na damu inaongezeka maji. Huhitaji kuwa mwoga wa kasi.

#60 Kocha wa Njoro

Siku kumi si wikendi, dada. Ni kuhama.

#61 Min Nyathi

Mimi nasema hivi: kama huwezi kuja mapema, fanya mazoezi ya saa sita mchana huko Nakuru kwa wiki mbili, na koti jepesi, polepole. Si sawa na Kisumu lakini mwili hautashtuka.

#62 Muuguzi wa Kakamega

Polepole kweli, na asiwe peke yake.

#63 Mama Wawili

Nimerudi na habari. Nimepima leo asubuhi: hakuna malaria. Ila daktari amesema damu yangu iko chini kidogo, akaniuliza kama nakula nyama na kama nanywa chai pamoja na chakula. Nanywa, kila mlo.

#64 Muuguzi wa Kakamega

Shukuru kwa hilo la kwanza. Na la pili ni jambo kubwa kwa mwanamke anayekimbia, chai pamoja na chakula huzuia mwili kuchukua madini ya chuma kutoka kwenye mboga na maharagwe. Kunywa saa moja au mbili baadaye. Lakini damu hiyo hiyo ulikuwa nayo ulipokimbia 2:06 Nakuru, kwa hiyo nayo peke yake haielezi.

#65 Mzito wa Milimani

Kwa hiyo tumerudi mwanzo.

#66 Mwalimu wa Maseno

Mama, gharama zilikuwa kiasi gani? Nina wenzangu shuleni wanataka kufanya hivyo upande wa kwenu, waje wakimbie huko Nakuru.

#67 Mama Wawili

Kwa sisi wawili kama elfu kumi na nne. Nauli 3,200 kwenda na kurudi, kiingilio changu 2,000, chumba usiku mbili 5,000, kinachobaki ni chakula, mashua na tuktuk. Wakija Nakuru waambie wafike Ijumaa mapema na wasikimbie mbio za kuwania muda, maana wao watakuwa wanapanda. Wapumue. Jumamosi wakae, Jumapili mchana niwapeleke kuona kreta ya Menengai. Nitapika mimi.

#68 Mwalimu wa Maseno

Ero kamano. Nimeshawaambia, wako wanne.

#69 Kocha wa Njoro

Mama, unarudi Kisumu mwaka ujao au umekoma?

#70 Mama Wawili

Narudi. Mzee ndiye aliyesema kwanza, tukiwa bado pale kwenye kivuli mwishoni, nikiwa na miguu ndani ya beseni. Alisema hajawahi kuniona nikikataa kuketi chini namna ile, na anataka kuwepo nikizipata hizo saa mbili. Safari hii tunachukua mpaka Jumatatu. Kit Mikayi inahamia Jumatatu.

#71 Nyar Dunga

Chumba msilipe, mtalala kwetu. Chandarua nitakishusha mwenyewe. Na Jumamosi ni ngege, saa kumi na mbili jioni, mezani.

#72 Kocha wa Njoro

Na unaanza kwa ngapi?

#73 Mama Wawili

6:05.

#74 Nyar Dunga

5:55, nitakuwa kando yako mpaka Kondele.

#75 Kocha wa Njoro

6:10!

#76 Dereva wa Mau Summit

Malizeni kubishana mnijulishe siku. Kiti cha mbele nimekiwekea mama.